Kumlinda papa kuanzia dikoni: mwongozo kamili kwa wavuvi, BMU na wachuuzi wa Tanga

Habari nyingi za papa zinazosambaa mitandaoni zina picha moja: meli ya bahari kuu, papa anakatwa mapezi akiwa hai, kisha kiwiliwili kinatupwa majini. Uovu huo upo, na mataifa mengi yameukataza. Lakini simama dikoni Kigombe, Sahare au Deep Sea asubuhi vyombo vinapoingia, umwangalie papa anavyoshushwa. Mwili wake wote una kazi. Nyama inauzwa mbichi, au inapasuliwa, inapigwa chumvi na kuanikwa ikawa ng'onda. Ini linatoa sifa, yaani mafuta ya kupaka mbao za vyombo. Mapezi yanaanikwa peke yake, na yana mnunuzi wake ambaye aghalabu humwoni mnadani.

Kwa hiyo mwongozo wa kuwazuia watu wasitupe viwiliwili hautusaidii sana sisi. Shida yetu ni jarife, wavu imara wa matundu makubwa, linalolazwa usiku kucha, likamchukua jike mwenye mimba, papa mchanga na taa (samaki bapa wa jamii ya papa) aliyekuwa anapita zake. Halafu kuna fedha ya mapezi. Samaki wengine wakipungua, safari hazilipi, na wavuvi wanahamia kwingine. Samaki wanapata nafasi ya kurudi. Kwa papa haiko hivyo. Bei ya mapezi inaifanya safari iendelee kulipa hata kama chombo kimerudi na papa mmoja. Hapo ndipo tunapomaliza kizazi chake, na hapo ndipo hatua zote zilizo hapa chini zinapolenga.

Kabla ya kuanza, jambo moja lieleweke na kila mtu dikoni. Changu jike mmoja hutaga mayai kwa malaki. Papa hawezi. Papa nyundo hubeba mimba karibu mwaka mzima, na kwa kawaida humchukua zaidi ya miaka 10 kufikia umri wa kuzaa. Papa wengine huzaa watoto wachache tu kwa mara moja, kisha hupumzika kabla ya kubeba tena. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu duniani wamepungua kwa asilimia 71 tangu 1970, sababu kubwa ikiwa uvuvi uliopita kiasi. Mzee aliyeanza kuvua zamani hahitaji takwimu hiyo. Muulize tu papa walikuwa na ukubwa gani alipokuwa kijana.

Hatua ya kwanza: jueni anayeshushwa ni nani

Hamwezi kulinda kitu mnachokiita kwa jina moja tu. Katika vitabu vingi vya mapato neno linaloandikwa ni "papa", basi. Ndani ya neno hilo wamo wanyama wa aina nyingi, wengine wakiwa karibu kutoweka. Teueni watu wawili au watatu wa BMU (kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi dikoni) wenye macho makali, na mmoja wao awe mama mchuuzi, kwa sababu wachuuzi ndio wanaowashika papa wengi kuliko nahodha yeyote.

Wa kuanza nao ni papa nyundo, ambaye wengine humwita mbingusi. Kichwa chake hakifichiki, lakini kichwa kikishakatwa tazama pezi la mgongoni: ni refu, jembamba, na rangi yake ni ileile ya kahawia hafifu toka chini hadi juu. Pezi hilo lina thamani kubwa kwa wanunuzi, na ndiyo maana papa nyundo yuko hatarini sana.

Papa upanga, mwenye pua ndefu yenye meno pande zote mbili kama msumeno, siku hizi ni nadra mno. Wavuvi vijana wengi hawajawahi kumwona. Akiingia wavuni akiwa hai, arudishwe majini. Akiwa amekwisha kufa, apigwe picha, apimwe, na afisa uvuvi aitwe siku hiyohiyo. Biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku.

Kisha kuna wale wenye kichwa bapa kama cha taa na mkia kama wa papa. Kila diko lina jina lake, nanyi andikeni jina mnalolitumia. Ukimgeuza utaona matundu matano ya kupumulia yako chini ya tumbo, si ubavuni kama ya papa. Watu wa kando huwadharau kwa sababu hawatishi. Wanunuzi wa mapezi hawawadharau hata kidogo, kwani mapezi yao yanahesabiwa miongoni mwa yaliyo ghali kuliko yote.

Wengine wa kuwajua ni papa potwe mwenye madoa meupe mgongoni, ambaye ni mkubwa kupita wote na hana madhara kwa mtu. Papa mwenye mkia mrefu unaokaribia urefu wa mwili wake. Na papa wa bahari kuu mwenye mapezi mapana ya mviringo yenye ncha nyeupe. Hao wawili wa mwisho huwapata zaidi wanaokwenda mbali na pwani.

Hatua ya pili: daftari la diko

Nikiambiwa nichague hatua moja tu kati ya zote, nitachagua hii. Biashara ya mapezi inastawi mahali ambapo hakuna aliyeandika ni papa wangapi walioshuka. Pakiwa na maandishi, pana swali la kuuliza: papa walioshuka mwezi huu ni kadhaa, mapezi yaliyosafirishwa ni ya wangapi?

Nunueni daftari la kaunta lenye jalada gumu, kalamu ya risasi (wino unayeyuka kwa maji ya chumvi), na futi ya kamba ya fundi cherehani. Mpimeni papa akiwa amelazwa sawasawa, toka ncha ya pua hadi ncha ya mkia, futi ikipita kando yake na si juu ya mgongo, maana mgongo una mviringo unaoongeza urefu. Kama kichwa au mkia umekwisha kukatwa, andikeni hivyo, msikisie.

Jinsia ni rahisi. Mgeuzeni tumbo juu. Dume ana vijiti viwili karibu na mapezi ya tumboni, jike hana. Kwa dume, shika kijiti kimoja kwa vidole: kikiwa kirefu na kigumu, amekomaa, kikiwa kifupi na laini, bado mtoto. Kwa jike, subirini apasuliwe. Kama ana watoto tumboni, wahesabuni na mpime mmoja. Huu ni wakati mgumu, nauona kila mara: watu waliokuwa wakipiga kelele za mnada wananyamaza wakati vitoto kumi na kitu vinapangwa juu ya turubai. Msiharakishe kuviondoa. Hakuna hotuba ya mtaalamu itakayomfundisha mvuvi zaidi ya hapo.

Kila mstari wa daftari uwe na tarehe, bamvua au maji mafu (maji makubwa au madogo), aina ya chombo, zana iliyotumika, eneo alikovuliwa kwa jina la mwamba au kina, jina la papa, urefu, jinsia, mimba kama ipo, na kama mapezi yalikuwa mwilini alipofika. Piga picha mbili kwa simu: moja ya ubavu mzima, nyingine ya kichwa kwa chini. Jina la nahodha msiliandike mwanzoni. Daftari likionekana ni la kushtaki watu, vyombo vitaanza kushusha usiku au mahali pengine, na mtakuwa mmepoteza vyote viwili, taarifa na uaminifu.

Namna ya kuomba nayo ina uzito wake. Kijana wa BMU asimwendee mzee na futi mkononi kama mkaguzi. Amsalimu kwanza, amsaidie kuvuta chombo, kisha ndipo aseme:

"Shikamoo nahodha. Poleni na bahari. Naomba nimpime huyu kabla hajakwenda mnadani."

"Marahaba mwanangu. Unampima wa nini?"

"Tunataka kujua kama wanazidi kuwa wadogo, nahodha. Wewe ndiye unayejua walivyokuwa zamani."

Mara nyingi mzee atacheka na kuanza kusimulia. Sikilizeni na hilo pia mliandike: alivua wapi, msimu gani, ukubwa gani. Kumbukumbu za wazee wa Tongoni, Mwarongo na Kigombe ndiyo daftari pekee la miaka ya nyuma mliyo nayo.

Hatua ya tatu: pezi na mwili vifike pamoja

Kubalianeni kama diko kwamba papa hashushwi bila mapezi yake. Hamtamzuia mtu kuyauza baadaye. Mnataka tu yaonekane. Pezi likishatengwa na kukauka, watu wengi hawawezi kujua lilitoka kwa papa gani, na hapo papa nyundo na papa wa kawaida wanakuwa mzigo mmoja ndani ya gunia.

Kanuni hii hatujaitunga sisi. Kamisheni ya Jodari wa Bahari ya Hindi, IOTC, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, ilipitisha mwaka 2017 azimio lililotaka papa anayeshushwa mbichi awe na mapezi yaliyoshikamana na mwili hadi anaposhushwa mara ya kwanza. Kwa papa aliyegandishwa, azimio hilo liliruhusu mapezi yatengwe ila uzito wake usizidi asilimia 5 ya uzito wa papa waliomo chomboni. Ukiitazama vizuri utaona njia hiyo ya pili ina mwanya, maana mizani inaweza kuchezewa na mapezi ya papa wa thamani yakachanganywa na miili ya wengine. Pezi lililo mwilini halina ujanja huo. Kwa diko dogo kama letu, lisilo na mizani ya uhakika, kanuni ya kwanza ndiyo ya kushika.

Katika utekelezaji mtakutana na hoja kwamba papa mkubwa hakai vizuri ndani ya mashua mapezi yakiwa yamesimama. Ni kweli. Jibu lake ni kulikata pezi nusu, likabaki limeshikiliwa na ngozi na kukunjwa ubavuni. Linachukua nafasi ndogo, na bado ni la mwenyewe.

Hatua ya nne: zana, na hasa jarife

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Jarife ni wavu wa matundu makubwa, imara, unaotegwa jioni na kuvutwa alfajiri. Haubagui. Papa anahitaji maji yapite katika matundu yake ya kupumulia; akinaswa asiweze kusogea, aina nyingi hufa ndani ya saa chache. Papa nyundo hufa upesi kuliko wengi. Kwa hiyo mkiulalisha wavu usiku mzima, hata mkiwa na nia njema ya kumwachia asubuhi, mnamwachia maiti.

Jambo la kwanza la kujadili ni saa. Nahodha anayekaa karibu na nyavu zake na kuzikagua kila baada ya saa mbili au tatu atapata samaki walio freshi zaidi, wenye bei nzuri mnadani, na ataweza kuwarudisha papa wachanga wakiwa hai. Najua gharama yake: usingizi na mafuta. Anzeni na wanaovua karibu, ambao hawahitaji kurudi nchi kavu katikati ya usiku.

La pili ni mahali. Papa wachanga na taa wengi hukulia maji mafupi: mikokoni, kwenye midomo ya mito, juu ya nyasi bahari. Wazee wanajua miezi ambayo vitoto vya papa huonekana na wapi. Chukueni majibu yao, linganisheni na daftari lenu la mwaka mmoja, kisha chagueni eneo moja, dogo, la kutotega jarife katika miezi hiyo. Tanga ina uzoefu wa jambo hili. Kuanzia 1994 hadi 2007 mkoa ulikuwa na programu ya hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani, ambamo vijiji vyenyewe vilikaa, vikachora maeneo ya usimamizi wa pamoja na kufunga baadhi ya miamba. Waliokuwa kwenye vikao vile wengi wako hai. Waiteni.

La tatu ni kina. Jarife la kulaza chini kwenye maji marefu lina historia ya pekee hapa kwetu. Samaki wa kale aitwaye silikanti, ambaye wanasayansi walidhani ametoweka mamilioni ya miaka iliyopita hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kupatikana Tanga mwanzoni mwa miaka ya 2000. Aliyemleta juu ni jarife lililotegwa kina kirefu kutafuta papa, baharini mbele ya Kigombe na Mwarongo. Makumi ya silikanti wamekufa hivyo. Mwaka 2009 serikali ilitangaza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, inayoshika pwani toka Tanga mjini kuelekea Pangani. Kwa hiyo kabla hamjapanga chochote ndani ya eneo hilo, nendeni ofisi ya hifadhi muulize zana gani zinaruhusiwa sehemu gani, na mpate jibu kwa maandishi. Kuliondoa jarife la kina kunawaokoa papa na silikanti kwa mpigo.

Taa za kumulika zinazofungwa nyavuni nazo zinafaa kujulikana. Huko Baja California, Mexico, watafiti walifunga taa ndogo za kijani kwenye nyavu za kutega na kulinganisha na nyavu zisizo na taa. Matokeo yaliyotolewa 2022 yalionyesha papa na taa walionaswa bila kukusudiwa walipungua kwa asilimia 95, huku samaki waliokusudiwa wakiendelea kupatikana kama kawaida. Sishauri mtu akimbilie dukani kununua. Maji yetu si ya Mexico. Lakini TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi), na chuo cha uvuvi cha FETA kule Mbegani, Bagamoyo, ni mahali pa kupeleka barua ya BMU kuomba jaribio lifanyike na wavuvi wa Tanga, kwa nyavu za Tanga.

Kwa wanaovua kwa dhulumati, yaani kamba ndefu yenye ndoana nyingi, mambo ni mepesi zaidi. Ondoeni waya karibu na ndoana, tumieni nailoni. Papa mkubwa ataing'ata na kwenda zake, nanyi mtapoteza ndoana moja badala ya kupigana naye. Ndoana za duara hushika pembe ya mdomo badala ya kumezwa, hivyo anayeachiwa ana nafasi nzuri ya kuishi. Usitumie nyama ya taa wala ya papa kama chambo.

Juu ya kokoro (wavu wa kukokota) na mabomu sitasema mengi. Vyote ni haramu kisheria, vinaharibu mazalia ya samaki wote, na kijiji kinachovifumbia macho kisianze na papa, kianze navyo.

Hatua ya tano: namna ya kumrudisha papa majini akaishi

Mkiamua kumwachia, mwachieni vizuri. Mwili wa papa umeumbwa kubebwa na maji. Ukimning'iniza kwa mkia, uzito wake mwenyewe unaumiza matumbo na uti wake, naye ataondoka akiogelea na kufa mbele ya safari. Akiwa mkubwa, asipandishwe chomboni kabisa. Mwekeni ubavuni mwa chombo, kichwa ndani ya maji, chombo kikisogea polepole ili maji yapite mdomoni. Mmoja ashike kamba, mwingine akate wavu kwa kisu kuanzia kwenye matundu ya kupumulia, kisha mapezi ya ubavuni. Wavu unashonwa, nahodha. Kata.

Usimchome kulabu, usiingize vidole kwenye matundu ya kupumulia wala machoni, usimpige rungu ili atulie. Ndoana iliyo mdomoni na inayoonekana itolewe kwa koleo. Iliyomezwa ikatwe kamba karibu kadiri inavyowezekana, iachwe. Papa mdogo anaweza kuinuliwa kwa mikono miwili, mmoja nyuma ya mapezi ya ubavuni na mwingine karibu na mkia, tumbo likiegemezwa. Taa anashikwa pande mbili za kichwa huku mkia wenye mwiba ukielekezwa mbali na watu. Kumburuta kwa mkia hakufai, kwake wala kwenu.

Papa wachanga waliokwisha legea msiwatupe tu. Shikeni mmoja mmoja, kichwa kikielekea mkondo, mpaka mwone anaanza kupiga mkia mwenyewe.

Hatua ya sita: deni la mnunuzi

Miongozo mingi haiuvuki mto huu, nami naona bila kuuvuka yote ya juu yatabaki karatasini. Mnunuzi wa mapezi hanunui tu. Anakopesha. Anatoa mafuta, anatoa nyavu, wakati mwingine anamlipia nahodha ada ya shule ya mtoto. Deni hilo halilipwi kwa fedha, linalipwa kwa mapezi, kwa bei anayoipanga yeye. Mvuvi wa namna hiyo hata akikubaliana nanyi kikaoni, usiku atatega jarife kwa sababu ana deni.

Anzeni kwa kujua, kwa siri na heshima, ni vyombo vingapi vimefungwa hivyo na kwa kiasi gani. Kisha angalieni kama VICOBA vya kijijini (vikundi vya kuweka na kukopa), ambavyo aghalabu vinaongozwa na akina mama wachuuzi, vinaweza kumkopesha nahodha fedha ya mafuta na kubadilisha zana, kwa sharti la maandishi kwamba anaachana na jarife au anapunguza idadi ya vipande. Msijaribu kuwatoa wote kwa pamoja. Nahodha mmoja anayeheshimika akihamia kwenye mshipi na nyavu za samaki wa kawaida, na familia yake ikaonekana inakula, wengine watakuja kuuliza wenyewe.

Tajiri mwenye chombo naye aitwe. Mara nyingi anaishi mjini, na wanaolaumiwa ni vijana anaowaajiri. Mgawanyo wa mapato ya mapezi uwekwe wazi mbele yao, maana wapo mabaharia ambao hawajawahi kujua mapezi ya safari yao yaliuzwa kiasi gani.

Hatua ya saba: sheria iliyopo na sheria ndogo yenu

Kuvua papa kwa jumla si kosa, na msimtishe mtu kwa sheria isiyokuwepo. Yaliyopo ni haya. Sheria ya Uvuvi ya 2003 na Kanuni zake za 2009 zinataka leseni ya chombo, ya mvuvi na ya anayesafirisha mazao ya uvuvi, na ndizo zinazoipa BMU nafasi yake. Tanzania pia ni mwanachama wa mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Papa nyundo wakubwa waliingizwa katika orodha yake mwaka 2013. Novemba 2022, katika mkutano wa Panama, ikaongezwa jamii nzima ya papa wa kawaida tunaowaona mnadani, na utekelezaji wake ukaanza Novemba 2023. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya mapezi yanayotoka nchini leo hayawezi kusafirishwa kihalali bila kibali, na kibali hakitolewi mpaka ithibitishwe kwamba papa hao walivuliwa kihalali na kwamba biashara hiyo haitadhuru kizazi chao.

Basi mnunuzi akija dikoni, swali la kumuuliza ni dogo na la adabu: leseni yako iko wapi, na mzigo huu unakwenda nje kwa kibali gani? Nyuma ya swali hilo kuna daftari lenu, ambalo ndilo ushahidi wa kwanza wa uhalali wa papa. Mnunuzi mwaminifu atalihitaji.

Makubaliano yenu ya diko, kama eneo lisilotegwa jarife au mapezi kubaki mwilini, yana nguvu ya aibu tu mpaka yawe sheria ndogo. Yapitisheni mkutano mkuu wa kijiji, yaandikwe kwenye muhtasari, kisha yapelekwe halmashauri yaidhinishwe. Mjini Tanga, mitaa haina mkutano mkuu wa kijiji, hivyo pitieni kamati ya maendeleo ya kata na ofisi ya uvuvi ya Jiji. Faini iwe ndogo kiasi cha kulipika. Faini kubwa mno huishia kwenye hongo.

Hatua ya nane: kutoa taarifa bila kuhatarisha mtu

Mkiona magunia ya mapezi yanapakiwa usiku, msiyazuie kwa mikono yenu. Andikeni muda, mahali, namba ya gari au jina la chombo, na mwelekeo. Taarifa apewe afisa uvuvi wa halmashauri, na kama ni ndani ya hifadhi, mhifadhi. Mtu mmoja tu wa BMU ndiye awe na jukumu la kupiga simu, na jina la aliyeona lisitoke kinywani mwake.

Mkikutana na meli kubwa ya kigeni mkiwa mbali na pwani, kaeni mbali nayo. Jina lililo ubavuni, bendera, saa, alama ya mahali toka kwenye simu au GPS, na picha hata kama haionekani vizuri, vinatosha. Uvuvi wa bahari kuu uko chini ya Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu yenye makao Zanzibar. Afisa uvuvi wenu ndiye atakayeifikisha taarifa yenu huko.

Sokoni na jikoni

Siwezi kuwaambia watu wa Tanga waache kabisa papa wa nazi, na sidhani yupo atakayenisikiliza. Lakini akina mama wachuuzi wanaweza kukubaliana kutonunua papa asiyefika urefu wa mkono wa mtu mzima, wala jike aliye na mimba aliyevuliwa kwenye eneo lililofungwa. Mvuvi akikosa mnunuzi mara mbili tatu, anajifunza haraka kuliko kwa faini. Na lipo jambo la afya ambalo kliniki zetu hazilisemi vya kutosha: papa wakubwa wanaishi miaka mingi wakila samaki wengine, na zebaki hujilimbikiza katika nyama yao. Mama mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo ni bora wale dagaa, vibua au samaki wengine wadogo.

Kikao cha mwisho wa kaskazi

Kaskazi ikiisha, kabla kusi haijashika, itisheni kikao cha diko zima. Fungueni daftari mbele ya watu na msome mambo manne: papa wangapi walishushwa, wangapi kati yao walikuwa wachanga, majike wangapi walikuwa na mimba, na wangapi walirudishwa majini. Mwaka wa kwanza msitegemee tofauti. Papa hawarudi kwa msimu mmoja. Kitu cha kutazama mapema ni kama wanaofika na mapezi mwilini wanaongezeka, na kama vipande vya jarife vinapungua. Nakala ya daftari apelekewe afisa uvuvi na nyingine TAFIRI, mkidai saini ya aliyepokea. Kisha mchague jambo moja la kurekebisha kabla ya kaskazi ijayo: kama ni eneo, lisogezwe, kama ni saa za kukagua nyavu, zibadilishwe, kama ni mpimaji aliyechoka, apewe mwenzake.